Maswali ya Wasomaji: Darubini nzuri ya bunduki kwa fedha kidogo

Barua za safari hii karibu zote zinahusu darubini za bunduki: ipi inunuliwe mfuko ukiwa mwepesi, na kwa nini ile iliyokwisha nunuliwa inasumbua. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Kila kazi inayoelezwa hapa ianze hivi: toa magazini, fungua chemba, iangalie kwa macho, kisha ipapase kwa kidole hadi uwe na uhakika kwamba hakuna risasi ndani.

Swali: Wataalamu, salaam. Nimewekewa mezani darubini mbili za bei moja. Ya kwanza ni 3-9x40. Ya pili ni 6-24x50, ina taa nyekundu na kijani, na muuzaji anasema hiyo ndiyo yenye faida. Nawinda, na sifyatui zaidi ya mita 200. Nichukue ipi?

Jibu: Chukua 3-9x40, wala usisitesite.

Namba za mwanzo ni ukuzaji: inaanzia mara 3 inafika mara 9. Namba ya mwisho ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Sasa fikiria kiwandani. Darubini ya pili ina vioo vikubwa zaidi, ina taa, mara nyingi ina kifundo cha ziada cha kurekebisha umbali, na bado inauzwa bei ileile. Fedha ya vyote hivyo imetoka wapi? Imetolewa kwenye ubora wa kioo, kwenye tando za lenzi na kwenye nyuzi za skrubu zinazosogeza msalaba (mistari ya kulengea inayoonekana ndani ya darubini), yaani mahali ambapo mnunuzi haoni akiwa dukani.

Kuna hesabu nyingine ya kufanya hapohapo dukani. Gawanya upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji, upate upana wa mwale unaoingia jichoni. Lenzi ya 40 kwa ukuzaji wa mara 6 inatoa milimita 6.7. Lenzi ya 50 kwa ukuzaji wa mara 24 inatoa milimita 2 tu. Mboni ya kijana gizani hupanuka hadi kama milimita 7, ya mtu mzima hubaki kwenye 5 hivi. Kwa hiyo alfajiri na magharibi, saa ambazo wanyama wanatoka, ile mara 24 itakuonyesha kivuli kikubwa badala ya mnyama. Tena mwale wa milimita 2 unataka jicho likae mahali pamoja kabisa. Ukitikisika kidogo picha inageuka nyeusi.

Halafu upande wa ukuzaji mdogo. Kwa mara 3 unaona eneo lenye upana wa karibu mita 11 ukilenga mita 100. Kwa mara 6 unabaki na karibu nusu yake. Mnyama akitoka kichakani mita 40 mbele yako, mwenye 6-24 atakuwa bado anamtafuta.

Na ikiwa fedha haifiki hata hiyo 3-9 ya kuaminika, ulizia darubini ya ukuzaji mmoja, 4x32 au 6x42. Haina mtambo wa kuvuta karibu, lenzi zake ni chache, vya kuharibika ni vichache. Kwa bei moja, ya ukuzaji mmoja mara nyingi hushinda kwa uangavu na kwa uimara. Mara 4 inatosha kabisa hadi mita 150, na wengi huidharau kwa sababu ya namba tu.

Swali: Kila boksi linadai lenzi zake zimepakwa. Kupakwa nini, na nitajuaje kama ni kweli?

Jibu: Kila uso wa kioo usiopakwa kitu hurudisha nyuma karibu asilimia 4 ya mwanga. Darubini yenye lenzi 8 ina nyuso 16. Piga hesabu, utakuta nusu tu ya mwanga ndiyo inayofika jichoni, na ile nusu iliyopotea haikuondoka yote: nyingine inazagaa ndani ya bomba na kuifanya picha iwe na ukungu wa maziwa. Utando mmoja wa magnesi floridi hushusha upotevu hadi asilimia 1.5 hivi kwa kila uso. Tando nyingi zilizopangana hushusha chini ya nusu asilimia, na hapo darubini ileile inapitisha asilimia 90 na zaidi.

Unachotafuta ni herufi FMC, maana yake kila uso unaokutana na hewa umepakwa tando nyingi. Herufi MC peke yake inaweza kumaanisha nyuso mbili za nje tu. Kwa kuwa herufi ni rahisi kuchapisha, hakikisha mwenyewe: simama chini ya taa, inamisha lenzi ya mbele, utazame vivuli vya taa, yaani taswira zake, vinavyorudi kutoka ndani. Kwenye lenzi iliyopakwa vizuri vivuli vyote ni hafifu na vina rangi ya kijani au zambarau. Ukiona kivuli cheupe kinachong'aa kama cha kioo cha dirisha, uso huo haukupakwa kitu. Rangi nyekundu kali kama kioo cha miwani ya fasheni ni mapambo, na tena hupunguza mwanga.

Swali: Bunduki yangu ya upepo ya springi imeua darubini mbili ndani ya mwaka, ingawa moja ilikuwa inatumika salama kwenye bunduki kubwa ya risasi. Inawezekanaje bunduki ndogo ikavunja kilichostahimili kubwa?

Jibu: Inawezekana, na hutokea sana. Bunduki ya risasi ina teke la upande mmoja: inarudi nyuma, basi. Bunduki ya springi inapofyatuliwa, pistoni nzito inaruka mbele na bunduki inarudi nyuma. Kisha pistoni inagonga mwisho wa silinda na kuivuta bunduki mbele kwa ghafla. Darubini nyingi zimefungwa lenzi zake ndani kwa kutegemea teke la kurudi nyuma. Likija la pili la kwenda mbele, pete zinazoshika lenzi hulegea na bomba la ndani linalobeba msalaba huachia.

Nunua ile ambayo mtengenezaji mwenyewe ameandika kwamba inafaa kwa bunduki za upepo za springi. Pili, tumia kishikizo cha kipande kimoja chenye pini ya kuzuia, inayoingia kwenye tundu lililopo juu ya silinda. Pasipo pini, kishikizo hutambaa kwenye reli ya milimita 11 iliyo juu ya bunduki kidogo kidogo, nawe utadhani darubini ndiyo inayohama. Bunduki ya hewa iliyoshindiliwa kwenye chupa haina mambo haya. Hiyo darubini ya kawaida itaikaa.

Swali: Je, bomba la milimita 30 linapitisha mwanga zaidi kuliko la inchi 1?

Jibu: Hapana. Mwanga unaamuliwa na lenzi ya mbele, ukuzaji na tando. Bomba nene linampa mtengenezaji nafasi ya kuusogeza msalaba juu na chini zaidi, jambo lenye maana kwa wanaolenga mita 500. Kwa mita 200 hulihitaji.

Swali: Nimepata darubini ya mtumba ya kampuni yenye jina, kwa nusu ya bei. Nikague nini kabla sijatoa fedha?

Jibu: Mtumba wa darubini nzuri mara nyingi ni ununuzi bora kuliko mpya ya hali ya chini, maana kioo hakizeeki kama mtutu. Omba nusu saa, na kagua kwa utaratibu huu.

Anza na bomba. Alama za pete za kufungia darubini, mikwaruzo miepesi inayozunguka, si neno. Kilicho kibaya ni mbonyeo. Pitisha ukucha mahali pete zilipokaa. Ukucha ukizama, mtu alikaza kupita kiasi na huenda bomba la ndani linakwaruza.

Mulika tochi kutoka lenzi ya mbele, utazame kwa pembe. Chembe mbili tatu za vumbi hazidhuru. Utando kama nyuzi za buibui zinazotawanyika ni kuvu, nayo hula tando za lenzi, iache. Unyevu au ukungu ndani maana yake gesi kavu ya nitrojeni au agoni iliyojazwa kiwandani imetoka, na mpira wa kuziba umekwisha. Mipasuko au mabaka ya rangi kwenye ukingo wa lenzi ni gundi inayoachia. Iache pia.

Zungusha kifundo cha juu, kinachosogeza msalaba, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ukihesabu kliki, yaani hatua ndogo zinazolia kikizungushwa. Gawanya kwa mbili, kirudishe katikati. Fanya vilevile kwa kifundo cha pembeni. Kliki zinatakiwa ziwe na nguvu sawa njia nzima. Zikiwa laini sehemu moja, hapo ndipo darubini ilipokaa miaka na nyuzi zimelika.

Sasa chukua boksi la katoni, kata matundu mawili ya umbo la V kwenye pande zinazotazamana, laza darubini humo, lenga kitu cha mbali kisichosogea, kisha izungushe darubini taratibu ikiwa palepale. Msalaba ukizunguka papo hapo, au ukichora duara dogo, uko katikati. Ukichora duara kubwa ingawa vifundo viko katikati ya safari yao, kuna kitu kimepinda ndani.

Mwisho, ulizia dhamana inamfuata nani. Kampuni nyingine humhudumia mnunuzi wa kwanza mwenye risiti peke yake. Leupold na Vortex zinajulikana kwa dhamana ya maisha inayoifuata darubini hata ikibadili mikono, na hilo lina thamani ya fedha kwa anayenunua mtumba. Kwa sababu hiyohiyo majina makubwa hughushiwa: linganisha namba ya usajili kwenye bomba na ile ya kwenye boksi, kisha iandikie kampuni yenyewe kabla ya kulipa. Darubini isiyo na namba kabisa, au yenye maandishi yaliyokosewa herufi, irudishe mezani.

Swali: Fundi alinifungia darubini mpya, na baada ya risasi 20 matundu yakaanza kutembea kwenye karatasi. Nirudishe darubini?

Jibu: Bado. Tatizo kama hili mara nyingi linatokana na ufungaji, na watu wengi wametupa darubini nzima kwa kosa la skrubu. Fungua yote uanze upya.

Pangusa mafuta ya kiwandani kwenye matundu ya skrubu, kwenye reli na ndani ya pete, kwa spiriti. Mafuta yanafanya skrubu ionekane imekaza wakati haijashika. Skrubu za reli tia tone moja la gundi ya skrubu ya nguvu ya kati. Skrubu za pete usizitie gundi: inalainisha zikikazwa, ukajikuta umebonyeza bomba.

Pete ziwe fupi kadiri inavyowezekana, ila lenzi ya mbele isiguse mtutu. Pima upana wa nje wa kichwa cha darubini, si wa lenzi. Lenzi ya 40 huwa na kichwa cha kama milimita 47, kwa hiyo kutoka katikati ya bomba hadi juu ya mtutu unahitaji milimita 23.5 na nafasi ya 2 au 3 za ziada. Hakikisha pia bolti inapanda bila kugonga lenzi ya nyuma.

Angalia pete na reli ni za familia moja, Picatinny au Weaver. Mfereji wa reli ya Picatinny una upana wa milimita 5.23, wa Weaver ni 4.57. Pete ya Weaver itakaa kwenye Picatinny ikiwa na uwazi, kwa hiyo isukume mbele hadi iguse ukuta wa mfereji kabla ya kukaza. Usipofanya hivyo, teke la bunduki litaisukuma lenyewe, risasi baada ya risasi, nawe utaona matundu yakitembea kama ulivyoeleza.

Laza darubini, weka ukuzaji wa juu kabisa, funga macho, weka shavu kama unavyofyatua, fumbua. Sogeza darubini mbele na nyuma hadi uone duara kamili bila kivuli. Kwenye bunduki yenye teke zito, jicho lisikae chini ya sentimita 9 kutoka lenzi ya nyuma, la sivyo ukingo utakupasua nyusi. Ning'iniza timazi mita 25 mbele, ulaze mstari wima wa msalaba juu ya uzi wake huku bunduki ikiwa haijainama upande.

Kaza skrubu za pete kwa mkato, moja huku nyingine kule, robo mzunguko kila mara, uwazi wa pande mbili ubaki sawa. Kiasi cha kawaida ni nyutonimita 1.7 hadi 2. Kijikaratasi cha pete zako kikisema vingine, kifuate hicho. Asiye na bisibisi ya kupimia mkazo ashike ufunguo wa pembe sita kwa mkono wake mfupi, kwa vidole viwili tu. Ukimaliza, chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha unaovuka kutoka pete hadi bomba, na mwingine kutoka pete hadi reli. Baada ya risasi 20 mistari hiyo itakuambia nani amehama.

Mistari ikiwa mizima na matundu bado yanatembea, kagua skrubu zinazounganisha mtambo na ubao wa bunduki. Kisha jaribu darubini nyingine unayoiamini. Kundi la matundu likitulia, hapo ndipo uirudishe hiyo mpya, na una ushahidi mkononi.

Swali: Kliki za darubini yangu zinasema robo MOA. Nitajuaje kama zinasema kweli?

Jibu: MOA ni dakika moja ya pembe, sawa na milimita 29.1 kwa mita 100, kwa hiyo robo yake ni milimita 7.3. Zile za MRAD (miliradiani, kipimo kingine cha pembe), kliki ya 0.1, ni sentimita 1 kamili kwa mita 100, na wanaotumia mita huziona rahisi zaidi.

Huhitaji risasi kupima. Funga bunduki imara kwenye mifuko ya mchanga. Simamisha ubao wenye futi ya kupimia iliyonyooka wima, mita 100 zilizopimwa kwa tepu wala si kwa hatua. Weka msalaba kwenye sufuri ya futi, zungusha kliki 80, soma msalaba umesogea wapi bila bunduki kuguswa. Robo MOA mara 80 ni MOA 20, yaani sentimita 58.2. Ukipata karibu 55.5, darubini si mbovu: imetengenezwa kwa kipimo cha inchi 1 kwa yadi 100, ambacho viwanda vingine huandika MOA. Andika kwenye kijitabu na utumie hesabu hiyo.

Rudisha kliki 80. Msalaba usiporudi kwenye sufuri, rudia mara tano. Kosa lisilobadilika, mathalani asilimia 4 kila mara, unaweza kuishi nalo. Darubini inayorudi mahali tofauti kila safari haifai kwa kazi yoyote inayotaka kuzungusha vifundo. Iweke sawa mara moja, funga vifuniko, usiiguse tena. Ukiwa hapohapo, zungusha ukuzaji kutoka 3 hadi 9 uone kama msalaba unahama kwenye futi. Ukihama zaidi ya sentimita 2 au 3, weka bunduki sawa kwa ukuzaji ule unaoutumia zaidi.

Swali: Ninalenga karatasi kwa bunduki ya .22, mita 50. Darubini yangu ni ya bunduki kubwa. Nasikia watu wanataja paralaksi. Inanihusu?

Jibu: Kidogo, nasi tutakupa kipimo chake. Darubini isiyo na kifundo cha umbali imewekwa kiwandani kwa umbali mmoja: mara nyingi yadi 100 kwa bunduki kubwa, 50 kwa za .22. Nje ya umbali huo, jicho likihama kutoka katikati, msalaba unaonekana kuhama juu ya shabaha, na hiyo ndiyo paralaksi. Kosa kubwa kabisa ni nusu ya upana wa lenzi ya mbele, zidisha kwa tofauti ya umbali, gawanya kwa umbali wa kiwandani. Kwako, tuseme ni lenzi ya 40 iliyowekwa mita 100 ikitumika mita 50: 20 mara 50 gawanya kwa 100, ni milimita 10. Hiyo ni jicho likiwa ukingoni kabisa. Mwindaji hatajali. Mlenga karatasi atajali.

Dawa isiyo na gharama ni shavu kukaa mahali palepale kila mara. Ubao wa bunduki ukiwa mfupi kwa shavu lako, funga kitambaa kilichokunjwa au kipande cha godoro juu yake kwa tepu hadi jicho lifike katikati bila kunyanyua shingo. Ukiona kivuli chembamba chenye upana sawa pande zote za picha, jicho limekaa katikati.

Swali: Msalaba wangu unaonekana wenye ukungu ingawa shabaha iko wazi. Nimefuta lenzi hadi nimechoka.

Jibu: Acha kufuta, utachubua tando. Lenzi ya nyuma inazunguka, iwe kwa pete ya mkazo au kwa ukingo wenye mpira. Elekeza darubini kwenye ukuta mweupe au anga, mbali kabisa na jua. Tazama kwa sekunde mbili, toa jicho, zungusha robo mzunguko, tazama tena. Usikodoe muda mrefu, maana jicho litajirekebisha lenyewe na kukudanganya. Msalaba ukiwa mkali mara tu unapotazama, funga pete ya mkazo. Lenzi ikiwa chafu kweli, pulizia vumbi kwanza, kisha brashi laini, kitambaa cha lenzi mwisho.